Nyumba salama haivunji ndoa, hulinda roho

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake, maswahaba zake na wote waliofuata mwenendo wake kwa wema. Ama baada ya hayo.

Ndugu msomaji, katika mkoa wa Simiyu msimu wa pamba ni msimu wa neema, lakini kwa kaya nyingi ni msimu wa hofu pia. Mwanamke hulima, hupalilia na huchuma kwa mikono yake tangu mvua za kwanza hadi jua la kiangazi. Pamba ifikapo kwenye mizani, fedha hupokewa na mume peke yake. Mke akiuliza ada ya mtoto, au akiuliza kwa nini fedha za shamba lao zinakwenda kwenye pombe au kwa mke mwingine anayeolewa kimya kimya, jibu mara nyingi huwa ni fimbo. Hapo ndipo linapozuka swali ambalo leo nataka tulitafakari pamoja: mwanamke aliyepigwa usiku, akiwa na mtoto mgongoni na mwingine mkononi, aende wapi?

Mlango wa kwanza anaoufikiria ni wa baba yake. Lakini baba alipokea ng'ombe wa mahari, na ng'ombe wale pengine wamekwisha kutolewa kumwolea kaka yake. Binti akirudi nyumbani, mkwe atadai mifugo yake. Basi baba humpa binti chakula, humlaza usiku mmoja, na asubuhi humrudisha. Mlango wa pili ni wa serikali ya kijiji, ambako mtendaji naye huwa jirani, pengine ndugu, wa yule mume. Mlango wa tatu ni wetu sisi, maimamu na masheikh. Tuseme kweli: wengi wanaobisha mlango huu hupewa neno moja tu, nalo ni subira. Milango yote mitatu inampeleka kule kule alikotoka damu ikimchuruzika.

Hili si jambo la watu wachache. Utafiti wa taifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2015/16 ulionyesha kwamba asilimia 40 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili tangu walipofikisha miaka 15. Mkoa wa Shinyanga, ambao ndio uliotuzaa kabla ya Simiyu kuanzishwa mwaka 2012, ulikuwa miongoni mwa mikoa iliyokuwa juu kabisa kwa ukatili wa waume kwa wake zao. Utafiti wa mwaka 2022 ulikuta kiwango cha taifa kimeshuka hadi asilimia 27. Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kupungua huko, lakini zaidi ya mwanamke mmoja kati ya wanne bado ni jeshi kubwa la waliodhulumiwa. La kusikitisha zaidi, katika utafiti ule wa kwanza asilimia 58 ya wanawake wenyewe walikubali kwamba ipo angalau sababu moja inayomhalalishia mume kumpiga mkewe. Aliyedhulumiwa ameaminishwa kwamba dhuluma ni haki.

Sheria ya nchi haikunyamaza. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 66, inatamka wazi kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenza wake kwa kipigo, hata kama mila ya mahali inasema vinginevyo. Zaidi ya nusu karne imepita tangu kifungu hicho kiandikwe. Lakini sheria iliyo kwenye kitabu haina paa wala kitanda. Mwanamke hawezi kulala ndani ya kifungu cha 66. Anahitaji nyumba.

Nyumba hiyo ndiyo inayoitwa nyumba salama. Ni mahali ambapo aliyekimbia ukatili hupokewa, hutibiwa, hulishwa na hulindwa kwa muda, huku mambo yake yakishughulikiwa. Haisimami peke yake. Mtu hufika kwa kupitia Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, afisa ustawi wa jamii, au kituo cha Mkono kwa Mkono kilichopo katika baadhi ya hospitali, ambako matibabu, maelezo ya polisi na ushauri nasaha hupatikana mahali pamoja. Mwanamke huyo hujaziwa fomu ya polisi namba tatu, yaani PF3, ili majeraha yake yawe ushahidi. Msaidizi wa kisheria, anayetambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, humweleza haki zake. Watoto wake hawakatizwi masomo. Naye hufundishwa kazi, kama vile ushonaji, ili asirudi kwa mpigaji kwa sababu ya njaa tu.

Wapo miongoni mwetu wanaodai kwamba nyumba hizi ni fikra za Wazungu zilizokuja kubomoa familia zetu. Ni kweli kwamba nyumba ya aina hii iliyotajwa sana katika zama zetu ilifunguliwa Chiswick, London, mwaka 1971. Lakini anayedhani kwamba historia ilianzia hapo hajasoma historia ya dini yake.

Amesimulia Bi Aisha (RA), kama alivyopokea Imam Bukhari, habari za mjakazi mmoja aliyeachwa huru, aliyekuwa akiishi na kabila fulani la Waarabu. Binti wa watu wale alipoteza mshipi mwekundu wa ngozi, ambao mwewe aliunyakua akidhani ni nyama. Wakamtuhumu yule mwanamke, wakampekua hata sehemu za siri yake. Mwewe akapita akauangusha mbele yao. Mwanamke yule aliondoka kwa watu wake, akaja kwa Mtume (SAW), akasilimu. Je, alielekezwa arudi akasubiri? Hasha. Alipewa hema ndani ya Msikiti wa Mtume, akaishi humo, na alikuwa akienda kuzungumza na Bi Aisha. Msikiti mtukufu, wa pili kwa daraja duniani, ulikuwa na hema la mwanamke aliyedhalilishwa asiye na pa kwenda. Leo tunaona uzito kumpa hata chumba cha nyuma cha madrasa!

Tazama pia tukio la Ummu Kulthum binti Uqba (RA). Alitoroka Makka peke yake baada ya mkataba wa Hudaibiya, na ndugu zake wawili wakafika Madina kumdai. Mkataba ulikuwa umeshasainiwa, nao ulitaka anayekimbilia Madina arudishwe. Ikateremka aya ya kumi ya Surat al-Mumtahina, ikakataza wanawake waumini waliohajiri kurudishwa kwa waliowakimbia. Ulamaa wameeleza mengi kuhusu aya hiyo. Mimi nataka tuchukue jambo moja: mwanamke aliyekimbilia usalama hakukabidhiwa kwa jamaa zake kwa sababu tu ni jamaa zake.

Na tazama kisa cha Fatima binti Qais (RA) kilichopokewa na Imam Muslim. Aliachwa talaka tatu, na katika moja ya riwaya alieleza kwamba anahofia kuvamiwa alipokuwa akikaa. Mtume (SAW) akamruhusu kuhama. Kwanza alitajiwa nyumba ya Ummu Sharik, mwanamke tajiri wa Kiansari aliyekuwa akipokea wageni wengi. Kisha Mtume (SAW) akaona kwamba nyumba ile ina waingiaji wengi na sitara yake ingekuwa shida, akamwelekeza kwenye nyumba ya Ibn Ummi Maktum, aliyekuwa kipofu. Anayeendesha nyumba salama leo anajua maana ya uamuzi huo. Kanuni ya kwanza ya kazi hiyo ni sitara. Mahali pasiwe njia ya kila mtu, na anayekaa humo asijulikane na wapita njia.

Waliokuja baadaye walilifahamu jambo hili. Mwanahistoria al-Maqrizi ameandika kuhusu Ribat al-Baghdadiyya ya mjini Cairo, iliyojengwa mwaka 684 Hijria, sawa na 1285 Miladia, na binti wa Sultani Baybars. Ilikuwa chini ya usimamizi wa wanawake wacha Mungu, na walihifadhiwa humo wanawake walioachwa au waliotelekezwa, mpaka waolewe au warejee kwa waume zao. Angalia maneno hayo ya mwisho, ndugu msomaji. Nyumba ile haikuwa ya kuvunja ndoa. Aliyekuwa na ndoa inayorejesheka alirejea, na aliyekuwa hana alihifadhiwa heshima yake. Hayo yalikuwa karibu miaka 700 kabla ya Chiswick.

Sasa tuijibu hoja ya waume wanaoshika aya ya 34 ya Surat an-Nisaa kama fimbo. Ataa bin Abi Rabah, mufti wa Makka katika zama za tabiina, aliifahamu aya hiyo akasema mume asimpige mkewe hata kama amekaidi amri yake, bali aonyeshe ghadhabu yake. Imam Shafi, ambaye wengi wetu tunafuata madhehebu yake, aliona kuacha kupiga ndio bora. Sheikh Ibn Ashur wa Tunis, aliyefariki mwaka 1973, aliandika kwamba wenye mamlaka wakiona waume wanavuka mipaka, wanaweza kuwakataza kabisa kupiga na kuwaadhibu watakaokaidi. Na juu ya wote hao yuko Mtume (SAW) mwenyewe, ambaye Bi Aisha (RA) ameshuhudia kwamba hakupata kumpiga mwanamke wala mtumishi kwa mkono wake. Wake walipokusanyika kwenye nyumba zake kuwashitaki waume zao, aliwaambia watu kwamba waume hao si wabora miongoni mwao. Anayevunja mkono wa mkewe kisha akasoma aya, ameongeza dhambi juu ya dhambi.

Hoja nyingine ni kwamba Qur'ani imeamrisha suluhu, na nyumba salama inawatenganisha wanandoa. Naam, aya ya 35 ya sura hiyo hiyo imeamrisha wateuliwe waamuzi wawili, mmoja wa upande wa mume na mmoja wa upande wa mke. Lakini uamuzi una sharti lake, nalo ni kwamba mke awe na mtu wa kumsemea na awe na uhuru wa kusema. Mwanamke atakayelala usiku huo huo chini ya paa la mpigaji hawezi kusema kweli mbele ya waamuzi. Atasema ameridhika, na shingo yake inajua kwa nini. Akiwa mahali pa amani kwa wiki kadhaa, hofu ikishuka, ndipo suluhu inapokuwa suluhu. Nyumba salama, kwa hiyo, ndiyo inayotupatia nafasi ya kuitekeleza aya hiyo kwa haki.

Hapa mabaraza yetu ya usuluhishi wa ndoa yanahusika moja kwa moja. Sheria ya Ndoa inataka mashauri ya talaka yapitie kwanza kwenye baraza, ingawa imeacha mlango kwa mazingira ya pekee yanayofanya usuluhishi usiwezekane. Si haki kumketisha aliyechomwa kisu benchi moja na aliyemchoma. Baraza likiona hatari, jukumu lake la kwanza ni kumpeleka mtu mahali salama na kutoa taarifa polisi, kisha ndipo lizungumzie ndoa.

Ni vyema pia tuelewe kwamba waathirika si wa aina moja. Katika Usukuma wapo bibi zetu waliouawa kwa tuhuma za uchawi kwa sababu macho yao ni mekundu, ilhali wekundu ule ni wa moshi wa kuni na kinyesi cha ng'ombe walioupikia kwa miaka mingi wakitulea sisi. Bibi wa namna hiyo hahitaji cherehani. Anahitaji ulinzi, matibabu ya macho, na wazee watakaokwenda kijijini kusema na vijana. Yupo binti wa miaka 14 aliyekimbia kuozeshwa. Yeye anahitaji shule na mlezi, na namba 116 ya simu ya huduma kwa mtoto inapaswa kujulikana katika kila madrasa. Yupo kiziwi ambaye hata akifika kituoni hana wa kumtafsiria lugha ya alama, na kipofu ambaye anayemshika mkono kumpeleka kushitaki ndiye huyo huyo anayempiga. Yupo msichana wa kazi za ndani asiye na ndugu mjini. Wapo hata wanaume wanaopigwa na kunyanyaswa, ambao aibu huwaziba midomo. Nao wasikilizwe na wapatiwe mahali pao pa kujistiri, mbali na mahali pa wanawake. Nyumba inayompokea kila mtu kwa kipimo kimoja itamsaidia mmoja na kumpoteza mwingine.

Kanda ya Ziwa ina mafunzo mawili makubwa. La kwanza liko kwa jirani zetu wa Mara. Huko Masanga, wilayani Tarime, na Mugumu, wilayani Serengeti, mabinti hukimbilia nyumba salama hasa miezi ya Novemba na Desemba, wakati wa ukeketaji. Nyumba ya Mugumu ilifunguliwa mwaka 2014 chini ya Dayosisi ya Anglikana ya Mara, na Bi Rhobi Samwelly, ambaye mwenyewe aliwahi kukeketwa, amejulikana ndani na nje ya nchi kwa kazi hiyo. Msimu ukipita, wazazi huitwa wakazungumzwa nao. Wanaokubali kumlinda binti huweka ahadi na kurudishiwa mtoto wao, na ambao wazazi wao wanakataa hubaki wakaendelea na masomo. Kwa hiyo lengo ni kurudisha binti kwenye familia iliyobadilika, si kumnyang'anya mzazi mwanawe.

Funzo la pili liko Buhangija, Shinyanga, ambako watoto wenye ualbino walikusanywa kuokolewa na wauaji. Roho zao zilinusurika, na hilo ni jambo kubwa mbele ya Allah. Lakini wapo waliokaa miaka mingi hadi uhusiano na wazazi ukakatika. Huko tunajifunza kwamba hifadhi isiyo na mpango wa kutoka hugeuka kifungo cha asiye na kosa. Tangu siku ya kwanza anayepokewa awe na njia ya kurudi kwenye maisha: ya ndoa iliyotengenezwa, au ya talaka ya haki, au ya kujitegemea.

Na kwa nini basi tunasema nyumba salama inazuia ukatili, si kuuguza majeraha tu? Kwa sababu mpigaji hutegemea jambo moja, kwamba mkewe hana pa kwenda. Siku atakapojua kwamba upo mlango, na nyuma ya mlango huo kuna muuguzi, polisi na mwanasheria, mkono wake utakuwa mzito. Mtume (SAW) ametufundisha kumsaidia ndugu yetu akiwa dhalimu au mwenye kudhulumiwa, na akaeleza kwamba kumsaidia dhalimu ni kumzuia asidhulumu. Mwanamume anayezuiwa leo amenusurika jela kesho, na amenusurika swali la Akhera.

Basi Waislamu wa Bariadi, Maswa, Meatu, Itilima na Busega tufanye nini? Sisi si wengi katika mkoa huu, na huenda nyumba kamili ikawa mzigo mkubwa kwetu peke yetu. Lakini hakuna anayezuiwa kuanza na alichonacho.

Kwanza, kila msikiti wa Ijumaa uwe na akina mama wawili au watatu wanaoaminika, watakaopokea malalamiko kwa siri na kumsindikiza mlalamikaji hospitali na kwenye Dawati la Jinsia. Mwanamke ataeleza kwa mwanamke mwenzake yale asiyoweza kumwambia imamu.

Pili, tufufue wakfu. Ribat ya Cairo ilikuwa kazi ya binti mmoja mwenye mali na nia. Mfanyabiashara wa pamba mwenye nyumba ya ziada mjini Bariadi anaweza kuiweka wakfu, ikaendeshwa kwa miongozo ya Serikali na chini ya ustawi wa jamii, ikapokea mwanamke yeyote, Mwislamu, Mkristo au mwenye kufuata mila za wazee. Maswahaba waliokimbia Makka walipewa hifadhi na mfalme Mkristo wa Habasha. Deni hilo la wema hatujalimaliza kulilipa.

Tatu, tuitenganishe mahari ya Kiislamu na biashara ya ng'ombe. Surat an-Nisaa, aya ya nne, imeamrisha wanawake wapewe mahari yao. Mahari ni ya mke, si ya baba wala ya kaka. Baba asiyekula mahari ya bintiye hatakuwa na sababu ya kumrudisha kwenye kipigo. Maimamu tuhakikishe kabla ya kufungisha ndoa kwamba mahari imeandikwa kwa jina la bibi arusi na iko mikononi mwake.

Nne, tuwafundishe wanawake kwamba kuondoka si kupoteza kila kitu. Katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu ya mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango katika mali ya ndoa. Kama kazi za nyumbani ni mchango, jembe la mwanamke katika shamba la pamba litakuwaje si mchango?

Ndugu msomaji, imamu atakayebishiwa mlango usiku wa leo ana uamuzi wa kufanya kabla ya alfajiri. Anaweza kusema subira akafunga mlango. Au anaweza kumwamsha mkewe, wakampa mgeni maji na mahali pa kulala, na asubuhi wakamsindikiza kwenye usalama. Subira ni ibada tukufu, lakini ni ya mwenye kuchagua, si ya kumlazimisha aliyelala chini ya teke. Na kunyamaza kwetu kukifuatiwa na jeneza, hatutakuwa na la kujibu mbele ya Yule asiyefichwa kitu.

Tunamuomba Allah (SW) azijaalie nyumba zetu kuwa za utulivu na mapenzi, awahifadhi wanyonge wetu, awaongoze wanaodhulumu waache, na atupe sisi ujasiri wa kufungua milango.

Wabillahi tawfiq.